Senta ya michezo ya wanafunzi: zege lilipatikana, taa na saa ndo zilileta shughuli

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha chuo kimoja cha umma kisiwani Unguja. Jina la chuo nimelitoa, miaka nimeiandika kama mwaka wa 1 mpaka wa 5, na namba za pesa nimezizungusha kidogo ila uwiano wake haukubadilika, kwahiyo ukichukua kalkuleta hesabu zitakubali. Mie nilikuwemo kwenye kamati upande wa mahesabu. Naandika kwa ajili ya watu wa vyuo vyengine, Unguja na Pemba, ambao najua saivi wana ramani kama ile yetu ukutani na wanatafuta mfadhili.

Hali ilivyokuwa

Wanafunzi ni kama 2,600. Theluthi hivi wanakaa dahalia, waliobaki wanatoka majumbani, wanakuja na daladala asubuhi na kurudi nayo jioni. Chuo kipo upande wa uwanda, yani ukichimba kidogo tu ushagonga jiwe. Kwa michezo kulikuwa na kiwanja cha mpira cha vumbi karibu na geti, basi. Jioni watu walikuwa wanasogeza viti kwenye ukumbi wa mitihani wanacheza mpira wa meza, mpaka walipovunja kioo wakafukuzwa na ukumbi ukatiwa kufuli.

Wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi na hawakuwa na sehemu yoyote. Timu ya netiboli ilikuwa inafanya mazoezi skuli ya jirani kwa kuomba, na skuli ikiwa na shughuli yake mazoezi hakuna. Hili ulishike mana'ke ndo limekuja kuamua mambo mengi huko mbele, ingawa mwanzo hakuna aliyeliona.

Sasa ukaja uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, mgombea mmoja akaahidi senta ya kisasa, akashinda, na ahadi ikabidi itafutiwe pa kuanzia.

Ramani ya kwanza na bilioni zake

Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi alisambaza fomu kwenye magrupu ya WhatsApp. Yalirudi majibu kama 400 na ukiangalia majina karibu yote ya wanaume. Walitaka jim, bwawa la kuogelea, meza za puli, ukumbi wa ndani wa basketi na kafe. Mhitimu mmoja ambaye ni msanifu majengo akachora bure, na mashaallah ramani ilipendeza, ghorofa mbili, vioo mbele, minazi pembeni. Ikaprintiwa kubwa ikatundikwa ofisini. Kila mgeni akija anapigwa picha nayo.

Mkadiriaji majenzi alipomaliza kazi yake akaleta bilioni 1 na milioni 950.

Mchango uliopendekezwa ulikuwa shilingi 15,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Zidisha kwa 2,600, milioni 39. Gawa. Miaka 50, na hapo kila mtu awe amelipa na pesa isinunue hata mpira mmoja. Bwawa nalo lilikuwa mita 25 kwa 12 na nusu, kina cha wastani mita moja na nusu, hiyo ni lita karibu 469,000. Kwa gari la maji la lita 10,000 ni safari 47 kulijaza mara moja, hujasema dawa wala pampu wala mtu wa kuwaangalia wanaoogelea, kwenye chuo ambacho kiangazi maji ya mfereji yanakuja kwa zamu na watu wa dahalia wanapanga ndoo alfajiri. Nikazisema namba hizi kikaoni. Hakuna aliyezipinga na hakuna aliyetoa bwawa kwenye ramani, kwa sababu ramani ishapigwa picha na watu.

Baraza la chuo likaipitisha kimsingi, bila ya kutenga hata shilingi.

Kuna mjumbe alileta mfano wa Marekani, na ni mfano wa kweli. Kule vyuo vingi vimejenga senta zao kwa njia moja, wanafunzi wanapiga kura kukubali ada maalumu, chuo kinakopa kwa hati fungani, jengo linasimama haraka alafu ada ndo inalipa deni miaka na miaka. Lakini njia hiyo inataka chuo kinachoweza kukopa kwa uzito wake chenyewe na wanafunzi ambao ada yao inaingia kwa wakati. Chuo cha umma kwetu hakiendi benki kukopa kama mtu anavyokopa bodaboda, kuna serikali hapo katikati lazima ikubali, na wanafunzi wetu wengi wanategemea mkopo wa elimu ya juu, bumu likichelewa hata kaunta ya chai inajua. Kwahiyo wazo la kukopa likafa kikao kile kile, ila wazo la kura na mchango likabaki.

Mchango ulivyoanza na ulivyoharibika

Kura ilipita vizuri. Mwaka wa 1 kila mwanafunzi akatakiwa alipe 15,000 pamoja na ada.

Wa kwanza kulalamika walikuwa wa mwaka wa mwisho, na kiukweli walikuwa na haki, wanalipia jengo ambalo litakuja kutumiwa na wadogo zao. Jibu walilopewa ni kuwa hiyo sadaka. Sasa sadaka ya kulazimishwa ndo ipi hiyo, mmoja akauliza, na kikao kikaisha kwa vicheko lakini hasira zilibaki.

Wa pili walikuwa wote. Mwisho wa mwaka zilikuwa zimekusanywa milioni 31 kati ya 39, serikali ya wanafunzi ikaomba kuziona, ikaonekana zimebaki 12. Hakuna aliyeiba. Pesa iliingia akaunti kuu ya chuo kama pesa nyengine, na akaunti kuu ikibanwa inatumia kilichomo, umeme, posho za usimamizi wa mitihani, mafuta ya gari. Ila mwanafunzi ukimwambia milioni 19 "zimetumika kwa shughuli za chuo" anasikia kitu kimoja tu, na semista ya kwanza ya mwaka wa 2 wakagoma kulipa.

Aliyeuokoa mradi hapa ni mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mtaratibu ambaye kikaoni alikuwa haongei sana. Alimwita bursa (msimamizi wa fedha za chuo) na rais wa wanafunzi chumba kimoja, wakatoka na makubaliano. Akaunti ya peke yake, saini tatu na moja ya mwanafunzi. Taarifa ya benki kubandikwa ubaoni kila semista, taarifa yenyewe ya benki, si ufupisho uliotaipiwa na ofisi. Chuo kurejesha zile milioni 19 kwa mafungu, na zilikamilika mwaka wa 3. Na wa mwaka wa mwisho wasilipe mpaka sehemu ifunguliwe.

Bursa alipinga hili la mwisho kwa sababu ya hesabu, mwaka wa mwisho ni kama watu 700, ukiwatoa mchango unashuka kutoka milioni 39 mpaka 28 na nusu. Mlezi akamjibu, "Bwana bursa, hiyo 39 yako umeiona wapi? Mwaka jana umeokota 31 na mwaka huu hujapata kitu." Ikapita. Na baada ya hapo makusanyo yalikuwa kama milioni 25 kwa mwaka, yani watu wachache zaidi walitakiwa kulipa lakini waliotakiwa wengi walilipa.

Kiwanja, na sheha

Sehemu zilikuwa tatu. Nyuma ya maktaba, ikakataliwa kwa kelele. Karibu na dahalia ya wanaume, wanaume wakaipenda, mlezi akakataa palepale mana'ke hakuna mwanamke ataekwenda kucheza pale. Ikabaki karibu na geti, ambapo kuna kile kiwanja cha vumbi.

Tukapima, tukaweka mambo (vigingi), na kesho yake sheha (kiongozi wa serikali wa shehia, yani mtaa) akaja na wazee wawili. Hakuja kwa ugomvi. Alisalimia, akakaa, akanywa maji, alafu akasema, "Wanangu, hapa mlipopima vijana wetu wanacheza mpira tangu chuo hakijawa chuo. Hati mnayo nyinyi, hilo nalijua. Nauliza tu jioni wakenda wapi." Kwenye ramani ile sehemu ilikuwa imeandikwa eneo wazi.

Makubaliano yalichukua wiki kadhaa. Senta ikasogezwa upande mmoja ili kiwanja cha vumbi kibaki, na vijana wa shehia wakapewa jioni moja kwa wiki ndani ya senta, wanaandikwa jina mlangoni kama mwengine yeyote. Kuna wajumbe waliona tumetoa sana. Mie naona ni bei rahisi kuliko zote tulizolipa, kwa sababu tangu siku hiyo waya wa fensi haujakatwa na bomba halijaibiwa, na ukiuliza majirani wa miradi mengine watakwambia waya unakaa muda gani.

Kupunguza

Mwaka wa 2 katikati ilikuwa wazi kuwa bilioni haiji. Hapo mlezi akafanya kitu ambacho kilitakiwa kifanyike kabla ya ramani, akachukua daftari akaenda dahalia ya wanawake baada ya isha, na siku nyengine mchana akakaa chini ya muembe na wale wanaosubiri daladala. Akauliza swali moja tu: jana ulikuwa na muda wa bure saa ngapi na ulikuwa wapi?

Majibu yalikuwa mengine kabisa na ya kwenye fomu. Hakuna aliyetaja bwawa. Wanawake wa dahalia walitaka netiboli pasipo na macho ya njiani, sehemu ya kutembea kwa mazoezi, na taa kwenye njia ya kutoka madarasani. Wanaotoka majumbani walisema mchana baina ya vipindi hawana pa kukaa, kafteria ukikaa lazima ununue, msikitini huwezi kukaa unapiga soga.

Kamati ikaanza upya. Kiwanja kimoja cha zege chenye mistari ya michezo mitatu. Netiboli ndo ilipanga ukubwa, mita 30.5 kwa 15.25, ukiongeza nafasi ya pembeni unafika kama 37 kwa 22. Ndani ya hapo basketi ya 28 kwa 15 inakaa, na voliboli ya 18 kwa 9 inakaa bila shida. Ukuta wa stara upande wa barabara, fensi ya waya pande nyengine. Banda refu la bati lenye mabaraza ya kukaa. Vyoo, sehemu ya udhu, stoo, matangi ya kuvuna maji ya mvua. Taa nane. Paa la kiwanja likasogezwa awamu ya pili, na kwenye msingi ziachwe boliti za kufungia nguzo za chuma siku paa likija.

Jumla milioni 150. Michango ya wanafunzi ya miaka mitatu 81, chuo 30, na 39 zilitoka kwa wahitimu na wafanyabiashara.

Hizo 39 zina hadithi yake. Mwaka mzima tulizunguka na ile picha ya ghorofa mbili na vioo tukiomba mchango wa senta ya michezo, tukapewa soda na dua. Mtu wa Darajani, sokoni mjini, mwenye uwezo wake anatoa kwa moyo kwenye kisima, madrasa, msikiti, anataka kitu kitakachomfuata kaburini, na uwanja wa basketi kwake ni mchezo wa watoto. Mzee mmoja ndo alitufungua macho, akauliza, "Hapo pana maji?" Tukamwambia matangi mawili ya lita 10,000 na sehemu ya udhu ya watu wanane. Akalipa matangi yote na mabomba. Tukarudi ofisini tukavunja orodha ya gharama vipande vipande, udhu, vyoo vya wanawake, kivuli, kila kimoja na bei yake, na wahitimu wa mwaka mmoja wakachangishana wakabeba banda zima. Hakuna aliyedanganywa. Vyote vilikuwemo toka mwanzo ila vilikuwa vimezikwa chini ya neno kubwa.

Upande mwengine kuna hoteli ilitupa msaada wa mashine za jim zilizotumika, kontena zima. Zilikuja wakati jengo hakuna. Karatasi za msamaha wa kodi zikachukua muda, kontena likakaa bandarini na gharama za kukaa zikalipwa kutoka akaunti ya michango, alafu mashine zikaingizwa kwenye stoo yenye hewa ya chumvi. Treadmili nne, hakuna hata moja inayozunguka leo.

Ujenzi

Zege la mita 37 kwa 22 kwa unene wa sentimita 12 na nusu ni kama kyubiki mita 102, na mchanga wake peke yake unafika 45 mpaka 50. Sasa mchanga Unguja si saruji ukaununue dukani, unakwenda kwa kibali, na kwenye ratiba yetu kibali hakikuandikwa kama kazi, kiliandikwa kama kitu ambacho mkandarasi atajua mwenyewe. Ratiba ilisema zege limwagwe Januari, kaskazi, jua kali lakini kavu. Kibali kikachelewa, mchanga ukafika mafungu mafungu, na zege likamwagwa mwishoni mwa Machi na mawingu ya masika yashafunga.

Vipande viwili vilipigwa na mvua kabla havijakaza, vikavunjwa vikarejewa, hasara ikawa ya mkandarasi baada ya mabishano. Hilo lilikuwa dogo.

Kubwa lilionekana Aprili. Mvua ikinyesha maji yanasimama uwanjani, si vidimbwi, ziwa zima, na yanakaa mpaka mchana wa pili. Mkandarasi akaitwa, akaja na ramani yake mkononi na akawa sahihi. Ramani ilionesha sakafu bapa kama meza. Na ilikuwa bapa kwa sababu ilichorwa ikiwa ndani ya jengo, chini ya paa. Uwanja wa nje unatakiwa uwe na mteremko, kama sentimita moja kwa kila mita, kwahiyo kwa upana wa mita 22 upande mmoja ushuke sentimita 22 hivi au katikati pawe juu sentimita 11. Kamati ilipolitoa paa ilipunguza paa kwenye hesabu, kwenye orodha ya vifaa, kwenye barua ya mfadhili, kila sehemu isipokuwa kwenye ile sakafu. Msanifu alikuwa anafanya kazi bure na ana kazi zake Bara, kumrudisha kuchora upya kila mtu aliona haya.

Marekebisho yalikula milioni 9, tabaka jengine la kuweka mteremko na mfereji wa kutoa maji pembeni. Kwa uwanda maji yakishatoka juu yanazama yenyewe, jiwe linanywa, hapo tu ndo ardhi ilitusaidia.

Saa

Tulifungua mwaka wa 4. Wiki ya kwanza wanaume wa basketi walikuwepo saa kumi na dakika tano, na wakatoka magharibi. Siku ya pili vile vile. Wanawake walikuja mara mbili wakakaa kwenye banda wakaangalia, alafu hawakuja tena.

Fikiria siku ya chuo ilivyo. Mchana jua haliruhusu mtu kukimbia juu ya zege. Vipindi vinaisha, watu wanasali alasiri, magharibi inaingia saa kumi na mbili na nusu hivi. Kwahiyo muda mzuri wa kucheza ni masaa mawili na kidogo, na uwanja mmoja, na watu 2,600. Sisi tulibishana miaka mitatu juu ya mita na bati, kumbe kitu haba kuliko vyote kilikuwa yale masaa mawili.

Wazo la kwanza la kamati lilikuwa usawa, wanaume jioni na wanawake usiku baada ya isha mana'ke taa zipo. Mlezi akauliza dahalia ya wanawake inafungwa saa ngapi. Saa tatu. Na anaetoka nyumbani je, daladala la usiku atalipata wapi, na nyumbani atasemaje? Kwahiyo taa, tulizozinunua kama kitu cha wote, kwa mahesabu ya kweli zilikuwa za wanaume. Akageuza, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi jioni ni ya wanawake, stara imefungwa, msimamizi wa mlangoni mwanamke. Wanaume wapewe jioni mbili na usiku wote kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Jioni moja ya shehia. Ijumaa jioni mashindano au matengenezo.

Wanaume walipiga kelele kwa mwezi mzima kuwa wamenyang'anywa. Alafu wakagundua usiku kuna baridi na upepo, wakanyamaza.

Umeme wa usiku si mkubwa kama watu walivyoogopa. Taa nane za wati 400 ni kilowati 3.2, masaa mawili ni yuniti 6.4, usiku 26 kwa mwezi ni kama yuniti 166. Senta ina mita yake ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) na hilo ni agizo la bursa, hataki kusikia taa za uwanja zimo kwenye bili ya maabara. Wanaojaza ni serikali ya wanafunzi kutoka akaunti ya senta. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza ratiba yote ilipinduka, jioni hakuna mtu, watu wanakuja baada ya tarawehe na hawataki kuondoka mpaka karibu na daku, yuniti zikaisha kati ya mwezi na uwanja ukazima katikati ya nusu fainali ya voliboli. Saivi Ramadhani ina bajeti yake na ratiba yake.

Ilivyo leo

Mchango umeshuka kuwa 10,000 lakini wanalipa wote, na wa mwaka wa mwisho pia, kwa sababu wote wanatumia. Ni milioni 26 kwa karatasi, inayoingia kweli ni pungufu kidogo. Inalipa wasimamizi wawili, umeme, mipira, nyavu, rangi ya mistari ambayo jua linaifuta kila mwaka.

Daftari la mlangoni linaonesha kitu ambacho hata mie sikukitegemea: wanaoingia wengi ni mchana, saa tano mpaka saa nane, na hawachezi chochote cha kukimbia. Wanakaa bandani. Keram, bao, dhumna, karata kidogo, na wengine wamelala na begi chini ya kichwa wakisubiri kipindi. Banda ni kitu cha bei ndogo kwenye mradi na ndo linalowapa wale wa daladala sababu ya kulipa elfu kumi.

Uchambuzi

Niseme kwanza kilichofanya kazi ingawa si vyote vilipangwa. Akaunti ya peke yake na taarifa kubandikwa viliwarudisha watu kulipa kuliko hotuba yoyote, na kuwasamehe wa mwaka wa mwisho kuliongeza imani zaidi ya kulivyopunguza pesa. Kuvunja bajeti vipande kuliwafikia watoaji ambao tunaishi nao, badala ya kumsubiri mfadhili wa nje aje kupenda vioo. Sheha ilikuwa bahati, mana'ke alikuja yeye, sisi hatukuwa na mpango wa kwenda kwake. Wengine msisubiri, nendeni kabla ya kupima.

Fomu ya WhatsApp haikuwa mbaya kwa kuwa ni WhatsApp. Ilikuwa mbaya kwa kuwa iliuliza unataka nini. Mtu ukimuuliza anataka nini bila ya bei atakwambia bwawa, hata mie ningesema bwawa. Swali la jana ulikuwa wapi saa ngapi halina nafasi ya kuota, na ndo lililoleta ratiba, stara na banda. Kwa maoni yangu ratiba ya matumizi ilitakiwa ichorwe kabla ya jengo na msanifu apewe mkononi, aambiwe hawa ndo watu, hizi ndo saa zao, sasa chora.

Kosa la sakafu watu wanalisimulia kama kosa la fundi na si haki. Mradi ukipunguzwa unakuwa mradi mwengine, lazima mtu aupitie wote toka msingi, na huyo mtu alipwe. Msanifu wa bure alitupa mchoro wa bure, lakini hakuna aliyeweza kumpigia simu usiku kumwambia rudi. Ada ya kupitia ramani upya isingefika robo ya zile milioni 9.

Boliti za paa ni hadithi ile ile kwa udogo. Ziliachwa wazi juu ya msingi, hazikupakwa grisi wala kufunikwa, na kwa upepo wetu wa bahari miaka miwili ilitosha. Nyingi zimeliwa mpaka nyuzi hazishiki nati. Awamu ya pili itabidi ikate na kuchimbia mpya, kwahiyo akiba tuliyojidai tumeifanya haipo.

Mashine za jim nazo, kama unapewa kitu kabla huna pa kukiweka, omba kikae kwao. Msaada wa aina hii una gharama zake na zinalipwa na wewe.

Kuna tatizo jengine ambalo bado linatusumbua, nalo ni kuwa uongozi wa wanafunzi unabadilika kila mwaka. Mwaka wa 5 rais aliyekuwa na saini ya tatu alihitimu akaenda Pemba kuanza kazi, benki ikataka barua na muhtasari wa kikao kumbadilisha, kikao kikakosa akidi kwa sababu ya mitihani, na akaunti ikafungika miezi miwili. Pesa ipo, wasimamizi hawajalipwa. Mmoja wao akaacha, yule mwanamke wa mlangoni, na kwa wiki tatu zile jioni za wanawake zikafa mpaka akapatikana mwengine. Sasa saini inabadilishwa wiki ile ile rais mpya anayoapishwa, kabla hajapewa ofisi.

Paa bado. Makadirio mapya yanazidi gharama ya vyote tulivyojenga, na kamati imegawika, wengine wanataka kuanza kuweka akiba ya paa, wengine wanataka kwanza taa za ile njia ya kutoka madarasani mpaka dahalia ya wanawake, ambayo ilikuwemo kwenye daftari la mlezi toka mwaka wa 2 na haijafanywa mpaka leo. Mie kura yangu ni taa za njia, na nimeshaipeleka kwa maandishi.